Kuogopa si kuogopea, wala “afraid of” si “afraid for”

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu vihusishi vinavyoandamana na maneno ya Kiingereza ya hofu na wasiwasi. Vitabu vya marudio vinavyouzwa kila kona, pamoja na karatasi zinazozunguka madarasani mtihani ukikaribia, huyapanga maneno hayo kwa safu mbili: kushoto “afraid”, kulia “of”, kushoto “worried”, kulia “about”, kushoto “anxious”, kulia “about” tena. Mwanafunzi anakariri, anajaza pengo, anapata alama yake. Siku akitakiwa kutunga sentensi ya kwake, safu zinamwangusha, maana kihusishi hakikuozeshwa neno moja hadi kifo. Kinafuata uhusiano: nani ndiye tishio, nani yuko hatarini, na ni jambo gani linamkaa mtu rohoni.

Linalotuudhi zaidi ni kwamba uhusiano huo mwanafunzi anaujua tangu utotoni, kwa Kiswahili, ila darasani anakatazwa kukitumia.

Tazama sentensi mbili: “Ninamwogopa kaka yangu” na “Ninamwogopea kaka yangu.” Hakuna mtoto wa Kiswahili anayezichanganya. Katika ya kwanza kaka ndiye tishio, pengine ana mkono mwepesi. Katika ya pili kaka ndiye anayeweza kuumia, na hofu yangu ni kwa ajili yake. Kilichobadilisha maana ni irabu moja tu, ile “e” ya kauli ya kutendea. Kiingereza hakina kauli ya kutendea, hivyo kazi ya irabu hiyo kimempa “for”. “I am afraid of my brother” ndiyo kuogopa. “I am afraid for my brother” ndiyo kuogopea. Ukilishika hilo, “scared for”, “worried for”, “frightened for” na “fear for” zote zimekufungukia kwa mkupuo, bila kukariri lolote: kila baada ya “for” yupo anayeogopewa, si anayeogopwa.

Mahali ambapo tofauti hii haina mzaha ni kwenye mahojiano ya wakimbizi. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika Kiingereza chake, unamtaja mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu ya “well-founded fear of being persecuted”, kisha unaorodhesha sababu tano za kuteswa huko: asili ya mtu, dini, uraia, kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii, na maoni ya kisiasa. Kihusishi ni “of” kwa kuwa mateso ndiyo yanayoogopwa. Anayetesa huletwa na “by”. Aliyebaki nyuma na kuogopewa huletwa na “for”. Sasa chukua Mkongomani au Mrundi anayehojiwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma, aseme, “Namwogopea mdogo wangu aliyebaki kijijini,” na mkalimani atoe “I am afraid of my brother who stayed in the village.” Karatasi imeshaandika kwamba mdogo wake ndiye mbaya wake. Swali linalofuata ni “Alikufanya nini?” Mhojiwa anashangaa, anajibu kwamba hajamfanya kitu, na jibu hilo linasomeka kama la mtu anayejipinga. Alichotakiwa kusema mkalimani ni “afraid for my brother”, basi.

Kwenye kitenzi “kuhofia” magazeti yetu nayo yana mkono. “Wakazi wahofia mafuriko”, “Wakazi wahofia maisha yao”: kitenzi ni kilekile, lakini mafuriko ni tishio na maisha ndiyo yanayotishiwa. Kuhofia kinabeba mizigo yote miwili bila kulalamika. Kiingereza kinagoma. Ya kwanza ni “Residents fear floods”, bila kihusishi chochote. Ya pili haina budi kuwa “Residents fear for their lives”. Ukiiangusha “for”, ukaandika “Residents fear their lives”, umesema wakazi wanaogopa kuishi. “I fear my life” ni kosa la kila siku, na mzizi wake uko hapa, kwenye kuhofia chenye sura mbili. Tiba yake ni kurudi kwenye kuogopa na kuogopea kabla ya kutafsiri: je, unayaogopa maisha yako au unayaogopea?

Tukiwa bado na “fear”, tenganisha kitenzi na nomino. Kitenzi hakitaki kihusishi mbele ya tishio: “I fear snakes”, “They fear God”. Nomino ndiyo inayotaka “of”: “my fear of snakes”, “the fear of God”. “I fear of snakes” ni chotara wa hizo mbili. Kosa pacha lake ni “I am fearing”, linalotokana na “ninaogopa”, ambayo kwetu ni ya sasa hivi na ya siku zote kwa pamoja. Na “nina hofu” haiwi “I have fear”. Sema “I am afraid”. Nomino hiyohiyo ikiingia kwenye vichwa vya habari vya Kiingereza hugawanyika mara tatu, na mgawanyo wake unapendeza: “fears of drought” ni hofu ya ukame, yaani tishio, “fears for farmers” ni hofu juu ya watakaoumia, “fears over maize prices” ni hofu kuhusu jambo linalojadiliwa. Kwetu “hofu ya” inaweza kuzimeza zote tatu, na ya nne pia, maana “hofu ya wakulima” huweza kuwa hofu waliyonayo wakulima wenyewe.

Baada ya “afraid” huweza kufuata kitendo, na hapo mwanafunzi huulizwa achague “to” au “of” yenye kitenzi cha “-ing”. Maelezo ya vitabuni huwa marefu. Kwa Mswahili njia ni fupi zaidi: angalia kama mwenye hofu ndiye anayekiamua kitendo. Naogopa kusema, naogopa kupanda mnazi, naogopa kuvuka mto: haya nikitaka nafanya, nisipotaka siyafanyi, kwa hiyo “afraid to speak, to climb, to cross”. Naogopa kuanguka, naogopa kupotea, naogopa kufeli: hakuna anayeamua kuanguka, kwa hiyo “afraid of falling, of getting lost, of failing”. Na kitenzi kikiishia kwa “-wa” ya kutendwa, usipoteze muda kufikiri: kukamatwa, kuibiwa, kuchekwa, kufukuzwa, zote ni “afraid of being”. Ziweke pamoja uone: “Anaogopa kuuliza swali kwa sababu anaogopa kuchekwa” ni “She is afraid to ask because she is afraid of being laughed at.” Kuna sentensi ambazo njia zote mbili zinapita, kama “afraid to fly” na “afraid of flying”, ya kwanza ni mtu asiyethubutu kupanda ndege, ya pili ni mtu ambaye ndege zenyewe zinamtia hofu, hata kama tiketi anayo mkononi. Isiyopita popote ni “afraid of to go”.

Sasa tuje kwenye “kwa”, ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayowaponza wengi, hata wanaoandika Kiingereza kizuri. Kiswahili kinasema alitetemeka kwa hofu, walikimbia kwa hofu, alinyamaza kwa hofu, hakutaja jina kwa kuhofia kufukuzwa kazi. Kiingereza kinatoa kihusishi tofauti kila mara. Hofu ikionekana mwilini ni “with”: “trembling with fear”, “pale with fear”, na kwa wasiwasi, “sick with worry”. Hofu ikiwa hali waliyokuwamo wakati wa kutenda ni “in”: “They fled in fear”. Hofu ikiwa sababu ya uamuzi ni “out of”: “He kept quiet out of fear”. Na kukiwa na tokeo linalokwepwa, lile ambalo kwa Kiswahili tungeweka “asije aka-”, ni “for fear of” au “for fear that”: “She hid for fear of being seen”, alijificha asije akaonekana. Kwa kifo ni “of”, kwa kuwa “die” hushikana na “of” kwa kila sababu ya ndani: “I nearly died of fright”.

Anayeweka “with” kila mahali ataeleweka, lakini picha inabadilika. Shahidi aliyenyamaza “out of fear” alipima mambo akaona bora afunge mdomo. Shahidi aliyenyamaza “with fear” ameganda, ulimi umemkauka. Mbele ya hakimu hao ni watu wawili. “By fear” katika sentensi kama hizi iache kabisa. Inahitaji kitenzi cha kutendwa, mfano “paralysed by fear”.

Neno “wasiwasi” lina mtego wake, nao umefichwa kwenye “na”. “Nina wasiwasi na mgonjwa” na “Nina wasiwasi na yule mgeni” si wasiwasi mmoja. Wa kwanza ni wa kumjali mtu, wa pili ni wa kumshuku. Ukiandika “worried with” umekosea pande zote mbili. Mgonjwa ni “worried about”. Mgeni ni “suspicious of”, au kwa lugha ya upole, “wary of”. Kitenzi “worry” nacho kina njia mbili: mtu “worries about” jambo, au jambo “worries” mtu, bila kihusishi. Njia hii ya pili ndiyo kongwe. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilimaanisha kunyonga, baadaye likawa la mbwa anayekamata mnyama kooni na kumtikisa, na mpaka leo sheria ya Uingereza ya mwaka 1953 inayolinda mifugo dhidi ya mbwa inatumia neno “worry” kwa mbwa anayesumbua kondoo. Maana ya kuwa na wasiwasi moyoni ilikuja baadaye sana. “Anxious” nalo limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kukaba. Waingereza wasiwasi unawashika kooni; sisi tulioupokea kutoka Kiarabu unatunong’oneza sikioni, maana ndiyo asili ya “waswasi”.

“Anxious” hilohilo ndilo linalodanganya kuliko yote, kwa sababu kihusishi kinaligeuza kutoka hofu kuwa hamu. “I am anxious about the interview”: nina wasiwasi na usaili. “I am anxious to attend the interview”: nina hamu ya kuhudhuria usaili, na anayesoma barua yako atafurahi. “Anxious for news” ni kiu ya habari. Lakini “anxious for her safety” ni kumhofia usalama, na hapo “for” yetu ya kuogopea imerudi. Anayetaka kumwambia mwajiri kwamba ana hamu ya kazi na akaandika “anxious about the job” amejitangaza kuwa mwoga.

“Concerned” halina shida ukikumbuka kichwa cha barua ambacho kila aliyewahi kuomba barua ya utambulisho anakijua: “To whom it may concern”. Hapo hakuna aliyeingiwa na wasiwasi. Ni “kwa yeyote inayemhusu”. Kwa hiyo “concerned with” ni kuhusika na, na hiyo “na” ni “with” moja kwa moja. “Concerned about” ni kuwa na wasiwasi kuhusu. “Concerned for” ni kumwogopea mtu. Mwananchi akiandikia mamlaka ya maji, “We are concerned with the quality of the water”, amejitambulisha kama mtaalamu anayeshughulikia ubora wa maji. Alitaka “about”. Ofisi ikimjibu kwa kumuuliza anafanya kazi idara gani, asiilaumu.

Kuhusu “by” tutasema machache. Maneno “frightened”, “scared”, “terrified”, “alarmed” na “worried” ni ya kutendwa, kwa hiyo yanakubali “by” kama vile kutishwa kunavyokubali “na”. “Frightened by a dog” ni tukio: mbwa alitokea, ukashtuka. “Frightened of dogs” ni tabia: mbwa wote, siku zote. “Alarmed” hupenda pia “at”, hasa kwa habari iliyokufikia. “Afraid” haliendi na “by”, japo kwa asili nalo lilikuwa la kutendwa, la kitenzi cha zamani kilichotoka Kifaransa na kumaanisha kutisha. Kitenzi kilikufa, yatima wake akabaki. Yatima huyo pia hatangulii nomino: hakuna “an afraid child”, ni “a frightened child”. Na tafadhali, “I am frightening” maana yake mimi ni wa kutisha.

Wasomaji wako walio Muscat na Dubai wana tatizo lao la pekee. Kiarabu kina vihusishi viwili baada ya kuogopa: “min” kwa anayeogopwa na “ala” kwa anayeogopewa, mgawanyo uleule wa kuogopa na kuogopea. Lakini “min” kwa kawaida hutafsiriwa “from”, na hapo ndipo “afraid from” na “scared from” zinapozaliwa. Anayeishi miongoni mwa wasemaji wa Kiarabu anazisikia hadi anaziona sawa. Si sawa, ni “of”. Waliosoma kwa Kifaransa, Bukavu au Bujumbura, wana bahati zaidi, kwani “peur de” na “peur pour” hukaa sawasawa na “of” na “for”. Wao waangalie tu “s’inquiéter de”, isije ikawaletea “worry of”.

Turudi madarasani. Mtoto wa shule ya serikali Tanzania anasoma kwa Kiswahili hadi mwisho wa msingi, kisha anaingia kidato cha kwanza na masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Anafika na kuogopea yake kichwani, na kazi ya mwalimu ingekuwa kumwonyesha tu kwamba “for” ni ileile. Badala yake anapewa safu mbili. Mazoezi nayo yanachangia. Pengo kama “The mothers were afraid ___ their children” lina majibu mawili sahihi, na mwanafunzi anayeandika “for” anawekewa alama ya kosa kwa sababu ufunguo unasema “of”. Sentensi moja iliyoning’inia hewani haiwezi kupima kitu hiki. Kipande cha habari kinaweza, kama kile cha kujaza mapengo 10 katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari kule Kenya, kwa kuwa muktadha unamwambia msomaji kama mto umefurika au watoto wameshika mapanga.

Tunapendekeza walimu wajaribu kipindi kimoja cha dakika 40. Dakika 10 za kwanza ziwe za Kiswahili kitupu: andika ubaoni jozi nne za kuogopa na kuogopea, kila jozi ikiwa na mtu yuleyule, na darasa liseme nani yuko hatarini. Kisha waandike Kiingereza chini ya kila moja, wakianza na “of” na “for” tu. Wakishapata, ingiza vitenzi sita: vitatu vya kuamua, kama kusema, na vitatu vya kutendwa, kama kukamatwa. “About” iachwe hadi robo saa ya mwisho, maana ndiyo rahisi na ndiyo wanayoikimbilia. Ikitangulia, inayafunika mengine yote, na utasikia “afraid about” kila mahali. “Kwa hofu” iwe ya kipindi kinachofuata. Kosa la kutarajia mwanzoni ni mwanafunzi kuandika “for” kila aonapo mtu na “of” kila aonapo kitu. Likitokea, mpe sentensi hizi mbili azitafsiri: “Fundi anaiogopea ngazi yake” na “Fundi anaiogopa ngazi yake.”

Ni sisi,
Walimu wawili wa Kiingereza,
Kigoma.